Mtoaji wa Kwanza

Hapo zamani za mkonge, Wamakonde walivuka mto Ruvuma wakaenda Tanga kukata mkonge. Walikwenda kwa mwaka mmoja tu. Mwaka ukavuta mwaka, wakaoa, wakazaa, wakazikana huko huko. Watoto wao wakakulia kambini. Walijua kufunga vitita vya mkonge, lakini wimbo wa kwao hawakujua hata mmoja.

Wangeujulia wapi? Mnyapara alikataza ngoma kambini, akisema watu wamechoka, waachwe walale. Na aliyezikumbuka nyimbo zote alibaki mmoja tu, mwanamke mzee aliyeitwa Bibi Asumpta.

"Nijengeeni nyumba ya ngoma nje ya kambi," alisema Bibi Asumpta. "Nitakaa na wajukuu zangu humo, niwaimbishe mpaka waseme, bibi, tumeshiba."

Jumapili baada ya misa watu wakakutana. Nani atatoa nini? Kila mtu akatazama miguu yake. Ndipo akainuka Namwera, mchongaji. "Mimi natoa ngoma," akasema. "Na mlango nitauchonga kwa mkono wangu." Watu wakampigia makofi. Gogo la ngoma hiyo lilikuwa bado ni mti uliosimama msituni.

Wiki iliyofuata akaja Kornelia, muuza vitumbua, na mabati kumi na mawili. Aliyanunua moja moja kwa miaka mitatu ili aezeke nyumba yake. "Chukueni," akasema. "Mimi nimeshazoea makuti." Lakini mabati yalilazwa chini, maana kiwanja hakikuwepo.

Mwezi uliofuata Chitanda, mkulima, aling'oa mihogo yake ambayo ilikuwa bado haijakomaa. "Jengeni hapa," akasema.

Wakajenga. Wanawake wakakandika, wanaume wakaezeka, Namwera akaleta mlango na ngoma. Nyumba ikasimama.

Sasa watu wale walikuwa na desturi waliyotoka nayo ng'ambo ya Ruvuma. Katika nyumba ya ngoma, hakuna anayeimba mpaka ngoma ipigwe mara ya kwanza, na wa kuipiga ni mtoaji wa kwanza. Basi siku ya kufungua, watu wamejaa, mkono wa Namwera ukaenda kwenye kijiti cha kupigia ngoma. Mkono wa Kornelia ukaenda. Mkono wa Chitanda nao ukaenda.

"Mtoaji wa kwanza ni mimi," akasema Namwera. "Nilisimama wakati nyinyi mnatazama miguu. Nisingesimama, nani angetoa?"

Kornelia akacheka. "Ulitoa maneno, shemeji. Mdomo wako umeezeka wapi hapa? Kitu cha kwanza kuonekana kwa macho ni mabati yangu."

"Mabati yaliyolala kwenye majani kama mgonjwa!" akasema Chitanda. "Nyumba huanzia chini. Mimi ndiye niliyetoa chini."

Watu wakagawanyika, huyu kwa huyu, yule kwa yule. Jua likazama, ngoma haijapigwa.

Asubuhi Bibi Asumpta akaja na kigoda chake. "Mmepatana?"

"Bado, Bibi."

Wiki ya pili akaja. "Mmepatana, wanangu?"

"Bado, Bibi."

Chitanda akakasirika, akaziba njia ya kiwanja kwa miiba. "Tuone mtapita wapi." Namwera naye akaruka miiba, akabeba ngoma, akaipeleka kwake. "Tuone mtapiga nini."

Bibi Asumpta akamwendea Kornelia, akamkuta anageuza vitumbua.

"Mwanangu, waachie. Ukiachia wewe, na wao wataona haya."

"Niwaachie na hilo, Bibi? Mabati nimeachia. Mvua ya masika yote imenipiga. Kila siku wa kuachia ni mimi?"

"Kifua kinanibana, Kornelia."

"Nitakuletea tangawizi, Bibi. Kesho tutazungumza."

Kesho hawakuzungumza. Alfajiri majirani walimkuta Bibi Asumpta ameshakata roho.

Walimzika. Waliporudi kutoka makaburini, Chitanda aliondoa miiba bila kuambiwa. Namwera alirudisha ngoma bila kuambiwa. Watoto wakaingia, wakakaa kwenye mikeka, wakangoja. Walijua ubeti mmoja tu, ule aliokuwa akiuimba Bibi akipepeta mchele. Maana yake hawakuijua, na sasa hakuna wa kuwaambia. Lakini hata ubeti huo hawakuweza kuuimba mle ndani, maana ngoma ilikuwa bado haijapigwa.

Kijiti kikawa juu ya ngoma. Safari hii hakuna mkono uliokwenda.

"Piga wewe, Chitanda," akasema Namwera. "Kiwanja ni chako. Mimi siwezi. Ngoma ilikaa chini ya kitanda changu, Bibi akiwa bado hai."

"Sipigi," akasema Chitanda. "Wewe ulificha ngoma, lakini watu huimba hata kwa makofi. Mimi niliziba njia. Bibi alisimama nje ya miiba yangu na kigoda chake, nikamwona, nikapita. Apige Kornelia."

Kornelia alikuwa amejifunika kanga hadi machoni. "Nyinyi Bibi hakuwaomba," akasema. "Alikuja kwangu. Neno moja tu lilihitajika, nami nikamwambia kesho. Mniue, sipigi."

Namwera akamsukumia Chitanda kijiti. Chitanda akamsukumia Kornelia. Kornelia akakirudisha kwa Namwera. Mtoto mmoja akaanza kusinzia. Mwingine akauliza, "Tuimbe?"

Haya, wanangu, nisaidieni. Mmoja alitoa neno kabla ya wote, mmoja alitoa kitu kabla ya wote, mmoja alitoa pa kusimama. Na mmoja alificha ngoma, mmoja aliziba njia, mmoja aliombwa akakataa. Watoto bado wako kwenye mkeka, na ule ubeti mmoja nao utasahaulika wakichelewa. Ungekuwa wewe umekaa mle ndani, kijiti ungempa nani?