Kiti cha Fundi Athmani Kilichogeuzwa Kabla ya Arubaini

Hebu niambieni, nyinyi mliojipanga kwenye huo mkeka: kile kiti cha mpingo cha babu yenu, kilichokuwa sebuleni, kimekwenda wapi? Hamjui. Wanaojua wapo, tutawafikia. Kwanza niitikieni.

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kiti kimeelekea ukutani.

Nani kakikalia?

Haonekani, lakini yumo.

Basi. Zamani katika mji mmoja wa nyumba za mawe, kila nyumba ilikuwa na kiti kimoja kikubwa. Mpingo mtupu. Mgongo mrefu kupita kichwa cha mtu, mikono miwili ya kuegemeza viwiko, kikalio cha kamba za pamba zilizosukwa zikabana, hata ukimwaga mchele haupiti. Siku hizi wenye digrii zao wanakiita antiki. Wale walikiita kiti cha nyumba, wakanyamaza.

Mila yao ilikuwa hivi. Mwenye nyumba akifa, kiti kinageuzwa, kinaelekea ukutani siku arubaini, na hakuna wa kukikalia. Kazikwa, sawa, lakini hajamaliza kuaga. Anakaa pale anaisikiliza nyumba yake. Siku ya arubaini, kabla jua halijazama, mwanawe anakigeuza, anakikalia, anamuaga. Hapo marehemu anakwenda zake kwa amani. Asiyeagwa anabaki njiani, milele.

Basi alikuwapo msichana jina lake Mwanashee. Mama hana. Baba yake, Athmani, fundi seremala, akafa kwa homa. Akabaki na bibi yake, Bi Rukiya, aliyemzaa huyo Athmani.

Kiti kikageuzwa. Na kila magharibi kamba zililia nyii, na sauti ya Athmani ikatoka:

"Mwanashee mwanangu, umekula?"

"Nimekula, baba."

"Haya."

Ni hayo tu. Wapo waliotegemea marehemu aseme dhahabu kaifukia wapi. Athmani alitaka kujua mtoto amekula.

Siku ya thelathini na sita akabisha mgeni. Kanzu nyeupe pe, viatu vinalia, kofia imeshuka hadi shingoni. Kumbe zimwi. Lakini si lile la kucha na manyoya, wanangu. Zimwi la kisomo. Hilo ndilo baya zaidi.

"Hodi, bi mkubwa. Napita tu. Jasti pasingi." Likakiona kiti. "Wandafuli. Na huyu kiti kanuna, mbona kanipa mgongo?"

Mwanashee akamvuta bibi yake kando. "Bibi, baba bado yumo."

"Najua. Lakini tangu niolewe, mgeni hajawahi kukaa mkekani nyumba hii. Watu watasemaje?"

"Watasema bibi ana akili."

"Funga huo mdomo. Mgeni ni mgeni."

Na Bi Rukiya, kwa mikono yake mwenyewe, akakigeuza kiti siku nne kabla ya arubaini.

Zimwi likakaa, likaegemea. Chini ya kofia, kwenye kisogo, lilikuwa na mdomo wa pili. Mdomo ule ukafunguka, ukaushika mgongo wa kiti, ukanyonya: fyo, fyo, fyo. Mwanashee aliuona. Akasema. Akaambiwa hana adabu.

Lilipoinuka, kamba zikalia nyii. "Mwanashee mwanangu..." Basi. Kilichobaki kimenyonywa.

Siku ya pili zimwi likakaa: fyo, fyo, fyo. Lilipoinuka, sauti ikasema, "Mwana..."

Siku ya tatu likakaa: fyo, fyo, fyo. Lilipoinuka, kamba zililia nyii, na hapakuwa na neno. Mwanashee akajibu hivyohivyo, "Nimekula, baba," akiongea na mbao.

Ndipo Bi Rukiya alipofahamu. Akalileta jembe, akalitupa miguuni mwa zimwi. "Mgeni siku mbili. Ya tatu hili hapa. Kalime, halafu ondoka."

Zimwi halikushika jembe. Likatoa karatasi. "Hii ya Liwali. Muhuri huo. Viti vyote vya zamani vya mji huu ninavichukua mimi, nivitunze. Kwa faida yenu."

"Mwenye kiti aliulizwa?" akasema Mwanashee.

"Mwenye kiti amekufa, binti. Sori. Soma."

Mwanashee hakujua kusoma. Bibi hakujua kusoma. Waliojua kusoma katika mji ule walikuwa wameketi barazani kwa Liwali, wanakunywa kahawa yake.

Alfajiri ya siku ya thelathini na tisa kiti kikapakiwa mkokotenini. Bi Rukiya akakaa kizingitini. "Mfuate, mwanangu. Nilimstahi mgeni, nikasahau kumstahi mtoto wangu. Mfuate umuage baba yako, asibaki njiani."

Mwanashee akafuata alama za magurudumu kutwa kucha, bila kutia kitu mdomoni. Alasiri ya siku ya arubaini akafika kwenye jumba la zimwi, akaimba:

Zimwi zimwi, nipe kiti,
cha babangu Athmani,
jua likizama leo
atabaki njiani.

Kimya. Akaimba tena. Kimya. Akaimba mara ya tatu, mlango ukafunguliwa.

"Una sauti nzuri," likasema zimwi. "Utanifaa. Ingia uchague. Ukikijua cha baba yako, beba. Ukikosea, nakula sauti yako na wewe."

Ndani mlikuwa na viti mia moja. Vimepangwa safu kwa safu, vimepakwa vanishi, kamba zote zimebadilishwa mpya, vyote sawasawa. Na hakuna hata kimoja kinachokaliwa. Niulizeni, kiti kisichokaliwa kina kazi gani? Hakuna anayejua. Kinatazamwa.

"Baba," akaita Mwanashee.

Kutoka tumboni mwa zimwi zikajibu sauti mia, zimevurugika kama uji, zimekuwa sauti moja: "Mwanangu, umekula?"

Zimwi likacheka hadi kofia ikayumba. "Wote wanauliza hilo hilo. Wazazi hawana aidia nyingine."

Jua lilikuwa limefika kizingitini. Mwanashee akatazama vile viti. Hakukisia. Alikwenda kwenye cha kwanza, akakielekeza ukutani, akakigeuza, akakikalia. "Nimekula. Nenda salama." Akaenda cha pili. "Nimekula. Nenda salama." Akaenda cha tatu. "Nimekula. Nenda salama." Na tumbo lake linamuuma njaa.

"Ebu, ebu," likasema zimwi. "Utaratibu ni kiti kimoja."

"Sijachagua. Naaga tu."

Kila alipoaga, sauti moja ilitoka tumboni mwa zimwi, ikapita dirishani. Cha hamsini, kanzu ikaanza kulegea. Cha tisini, zimwi likakaa chini, miguu imekuwa vijiti. Cha mia, jua likazama, na sakafuni ikabaki kanzu na kofia.

Basi mngedhani alifurahi. Alikaa kwenye kile cha mwisho akalia. Baba yake alikuwa mmoja wa wale mia, na hakujua ni yupi. Kwenye kila kiti alingoja asikie jina lake. Hakuna aliyemtaja. Jina lilikuwa limekwisha kuliwa, siku ile ya tatu.

Akarudi mjini, akamweleza Liwali. Liwali akapeleka mikokoteni upesi, akavileta viti vyote mia, akavipanga barazani kwake, akavizungushia kamba. "Tumeokoa mali ya kale," akasema.

"Bwana Liwali, nipe hata kimoja. Chochote. Bibi yangu magoti mabovu, hawezi kuinuka mkekani."

"Una karatasi?"

"Sina."

"Basi lete karatasi."

Bi Rukiya akafa mkekani. Na nyumba ile haikuwa na kiti cha kugeuza. Siku arubaini Mwanashee alikaa na sahani yake akiutazama ukuta, na magharibi zote zile hakuna aliyemuuliza kitu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mimi nimeitua, aibebaye na aibebe. Nyinyi watoto shikeni hili: mgeni mpe chakula, mpe maji, mpe hata kitanda chako, lakini kiti cha marehemu wako usikitoe kwa kuogopa maneno ya majirani.

Na nyinyi wakubwa mliopiga muhuri ile karatasi: fungueni baraza. Fungueni zile kamba. Rudisheni viti vyote mia moja, kila kimoja kwenye mlango kilikotolewa, na msitume hamali. Vibebeni wenyewe, kichwani, mchana, watu wakiwatazama.