Mwizi wa Maji ya Rejeta

Alhaji Shemhina aliapa kumfukuza kazi dereva wake Hizza, maana kila jioni maji ya kijani ya rejeta yalikuwa yamepungua, na chini ya gari lake la dizeli hapakuwa na hata tone.

"Unayauza!"

"Alhaji, Jumamosi tukienda harusini Korogwe, kaa mbele na mimi. Mwizi nitakuonyesha."

Alhaji akapanda na kanzu yake mpya, nyeupe pepepe. Walipofika, akafoka mbele ya wakwe, "Haya, yuko wapi?"

"Tazama pindo la kanzu yako."

Lilikuwa kijani, limelowa chapachapa.

"Yanavujia ndani ya gari, Alhaji, kwenye bomba la hita. Fundi aliniagiza nitandike kitambaa cheupe hapo miguuni, tuone. Mimi nilikuwa sina."