Ngiri na Jiko Lisilofuka

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na moto!
Na nini tena?
Na moshi!
Moshi wa nani?
Wa jirani!
Basi kaeni. Na mwenye kigoda akikalie vizuri asikipoteze, maana mwisho wa hadithi tutakihitaji.

Hapo kale, katika nchi ya wanyama, kulikuwa na desturi moja nzuri sana, nayo ndiyo iliyoleta taabu yote. Moshi wa kuchoma ukionekana, aliyeuona amekwisha kualikwa. Haulizi kitu. Anachukua kigoda chake na chumvi yake, anakwenda, anakaa, anakula. Mwenye moto hana ruhusa hata ya kukunja uso, na akiuficha moto wake ana adhabu. Aliyewekwa kuangalia moshi na kuwatangazia wenzake alikuwa Twiga, na sababu mnaijua, ni shingo.

Sasa palikuwa na bwana mmoja, Ngiri. Nguvu anazo, meno anayo, tumbo ndiyo usiseme. Kiangazi kile ardhi ilikauka ikawa ngumu kama kigae, na ni Ngiri peke yake aliyekuwa na viazi vitamu, kwa sababu alikuwa amewafukuza wenzake kutoka bonde lenye unyevu akalima yeye tu. Ghala lake lilijaa mpaka mlango ukawa haufungiki.

Jirani yake alikuwa Bi Fuko, mjane mwenye watoto, kimo chake hakimfikii Ngiri gotini. Bi Fuko alichimba mizizi, akachimba, kwaru kwaru kwaru, kucha zikaisha, asipate kitu. Watoto wake waliishi kwa moshi wa Ngiri. Siku yenye moshi walishiba. Siku isiyo na moshi walilala wakinyonya vidole, na yeye alikaa akiwatazama, moyo ukimuuma.

Ngiri naye aliwachukia sana wenye vigoda. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na ua mzuri, ameutandazia mawe bapa, ameufagia, ameweka kiti kimoja. Alitaka jiko la kuni la kukaa pale katikati, achome viazi vyake alasiri, ale, apumzike. Lakini alitaka jiko lisilofuka.

Akaanza kuchagua. Kwanza akapanga mawe duara, akatia kuni, mbichi, maana hakuwa na subira ya kuzikausha. Akawasha. Moshi ukapanda, fuu, fuu, fuu. Twiga akanyosha shingo, akasema, "Kwa Ngiri kunafuka." Wakaja na vigoda vyao, wakakaa, wakala, viazi vikaisha.

Ngiri akasema kosa ni mawe. Akatafuta chungu kikubwa, akakitoboa ubavuni, akatia kuni zilezile. Akawasha. Moshi ukapungua kidogo, lakini ukapanda, fu, fu, fu. Twiga akanyosha shingo, akasema, "Kwa Ngiri kunafuka." Wakaja na vigoda vyao, wakakaa, wakala, viazi vikaisha.

Ngiri akasema kosa ni mahali. Akakihamishia chungu chini ya mgunga wenye majani mengi, ili majani yauchuje moshi. Moshi ukajikusanya humo majanini, kisha ukatoka wote kwa pamoja, fuuuuu. Twiga alikuwa akila majani ya mgunga uleule. Akakohoa, akafuta macho, akasema, "Kwa Ngiri kunafuka," na siku hiyo hakuishia kutangaza, alishuka na kigoda chake mwenyewe.

Ndipo Ngiri alipokwenda kwa Bi Fuko.

"Bi Fuko, wewe unaijua ardhi," akasema. "Nichimbie jiko ambalo moshi wake hauonekani."

"Usionekane na nani, Bwana Ngiri?"

"Na wenye vigoda."

Alilisema hilo bila haya, mbele ya mama ambaye kigoda chake kiko pale mlangoni, kimegandwa na makombo ya kiazi. Bi Fuko alikasirika mpaka masharubu yakamcheza. Akikataa, Ngiri atatafuta fundi mwingine. Akikubali, moshi umekwisha, na watoto wake wamekwisha. Akafikiri, kisha akatabasamu.

Akamweleza kwamba moshi ni moto uliokosa pumzi. Kuni ziwe kavu, zilie zikigongwa. Shimo liwe refu, mdomo mwembamba. Na chini kabisa ya shimo ipite njia ya hewa inayotoka mbali, ili moto uvute pumzi kwa chini na kuula moshi wake wenyewe kabla haujatoka. Kila neno lilikuwa la kweli, na ujanja wa Bi Fuko ulikuwa hapo hapo.

Ngiri akauliza hiyo njia ya hewa iwe pana kiasi gani.

Bi Fuko akajitazama kiunoni. "Kiasi cha pumzi kupita bila kujibana," akasema.

Ngiri akauliza ianzie wapi. Bi Fuko akamwambia ianzie upande unaotoka upepo. Na bahati iliyoje, upepo wa kiangazi kile ulikuwa ukitokea nyumbani kwa Bi Fuko. Hakudai malipo yoyote. Ngiri akafurahi kupata kazi ya bure, wala hakujiuliza kwa nini.

Bi Fuko akachimba, kwaru kwaru kwaru. Ngiri akatia kuni kavu, akawasha. Moto ukavuta pumzi kwa chini, vuuum, ukawaka safi. Twiga akanyosha shingo kulia, akanyosha shingo kushoto, akarudi kula majani. Mkia wa Ngiri ukasimama wima kwa furaha.

Makaa yalipoiva, Ngiri akavipanga viazi chini kabisa, karibu na mlango wa hewa, kama alivyoshauriwa na Bi Fuko, maana hapo vinaiva bila kuungua. Kisha akageuza kiti, akaupa moto mgongo, akakodolea macho njia asije mtu. Wakati huohuo Bi Fuko alikuwa akija taratibu kwa njia ya hewa, upepo baridi ukimpoza mgongo, mkononi ufito wenye ncha iliyopinda. Kwaruu, kiazi. Kwaruu, kiazi. Kwaruu, kiazi.

Ngiri alipogeuka, viazi vilikuwa nusu. Akaenda mbio kwa Bi Fuko kulalamika. Bi Fuko akameza haraka kilichokuwa mdomoni.

"Moto wako wa zamani ulikuwa unatema moshi," akamwambia kwa upole. "Huu hautemi kitu, Bwana Ngiri, unameza. Lazima uuwekee fungu lake."

Ngiri akaona maneno hayo yana akili. Kesho yake akaongeza viazi vya fungu la moto. Moto ukala, kwaruu, kwaruu, kwaruu. Akaongeza tena, ukala tena. Watoto wa Bi Fuko wakanenepa, wakaanza kufuatana na mama yao njiani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alasiri moja, mdogo wao alikula kiazi cha moto upesi upesi, akacheua mlemle ndani.

Ngiri akashtuka. Moto umecheua. Akapiga magoti kama wafanyavyo ngiri wote, akachungulia, akaona macho madogo yakimtazama na ufito uliopinda ukirudi nyuma polepole.

Baraza likaitwa. Wanyama wote wakaja na vigoda vyao, na wengine, kwa mazoea tu, wakaja na chumvi. Ngiri akasimama, akasema Bi Fuko anamwibia viazi motoni kila siku.

"Motoni wapi?" akauliza Twiga. "Mimi sijaona moshi kwako muda mrefu."

Bi Fuko akasimama, watoto wakijificha nyuma yake. Alijua kwamba Ngiri akishinda, shimo litazibwa na watoto wataanza tena kunyonya vidole.

"Mheshimiwa Twiga," akasema, "aeleze yeye mwenyewe. Kama hakuchoma, sikuiba. Kama alichoma, basi alituficha sote hapa moto wake, na adhabu ya kuficha moto tunaijua, ni kulisha nchi nzima mpaka mvua inyeshe."

Ngiri akafungua mdomo. Akavitazama vile vigoda. Akaitazama ile chumvi. Akafunga mdomo.

"Sikuchoma kitu," akasema.

"Basi hukuibiwa kitu," akasema Twiga.

Ngiri akarudi nyumbani, mkia chini, akasukuma jiwe akaiziba njia ya hewa. Akawasha. Moto ukakosa pumzi. Moshi ukapanda, fuu, fuu, fuu. Twiga akanyosha shingo, akasema, "Kwa Ngiri kunafuka." Wakaja na vigoda vyao, wakakaa, wakala, viazi vikaisha. Walipoondoka, Ngiri aliondoa jiwe kwa mikono yake mwenyewe.

Tangu hapo kila alasiri alipanga viazi mafungu mawili, lake moja, na jingine pale chini mlangoni. Alikuwa akinung'unika, "Fungu la moto hilo." Na sauti ndogo ilimjibu kutoka chini, "Moto unashukuru." Mvua iliponyesha, watoto wote wa Bi Fuko walitoka nje kuiona.

Mnauliza wanyama wengine walikula nini. Kawaulizeni wao, mimi nimesimulia habari za Fuko.

Na fundisho ni hili, msikie vizuri. Wizi haufai, na uchoyo haufai, ila uchoyo unafaa zaidi kidogo, maana bila huo Bi Fuko angeiba wapi? Na wewe unayetaka jiko la uani, chagua lisilofuka. Ua unabaki safi, macho hayawashi, na wageni hawaji, isipokuwa yule mmoja.

Hadithi yangu imeishia hapa, majivu yake mgawane. Nipeni kigoda changu upesi, na chumvi ile pale. Kwa jirani kunafuka.