Masale Matano ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na majiko, mashamba na majirani wasumbufu kama sisi, kulikuwa na kijiji cha wakulima watupu. Duka hakuna, mashine ya kusaga hakuna. Akina mama walibeba mahindi kutwa nzima kwenda kusaga ng'ambo ya mlima.

Kiboko akataka kujenga mashine. Jambo jema. Ila alitaka kuijenga pembeni kabisa mwa chemchemi, kwa kuwa alipenda kufanya kazi miguu ikiwa majini.

Juu ya chemchemi hiyo, miambani, aliishi Pimbi na watoto wake sita. Maji mengine hawakuwa nayo.

Mzee Tembo, mwenyekiti wa baraza, alimkatalia Kiboko mara mbili. "Hili ni shamba la kulima. Likishaitwa la biashara, leo utasaga, kesho utauza pombe, keshokutwa Fisi ataleta machinjio. Maji tutachota wapi?"

Kiboko akaomba mara ya tatu. Pimbi akawaza, "Safari hii watampa tu. Migongo ya akina mama imechoka, na wangu umo."

Akamfuata Kiboko dimbwini.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Sema haraka, ninafikiri."

"Naona haya kukwambia. Wanasema mwili unao, ahadi huna. Eti wewe hata sale moja huwezi kulitunza."

Sale, wanangu, ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani. Kijijini pale, mtu akitoa ahadi juu ya ardhi alipanda sale. Kuling'oa ni mwiko, na ahadi ikivunjwa, kibali chote kinakufa.

"Mimi?" Kiboko akanyanyuka, maji yakamwagika bwaa. "Kesho nitakuja na mzigo wa masale."

Akaja nao kweli. Baraza lilikaa palepale shambani, na Pimbi akajibanza nyuma.

"Nitajenga hatua hamsini kutoka chemchemini," alisema Kiboko.

Pimbi akakohoa. "Hamsini hata Kobe anaweza."

"Mia mbili. Tena hatua zangu." Akachomeka sale, chwa. "Na jua likizama, mashine inanyamaza."

"Labda si wakati wa mavuno."

"Hata wakati wa mavuno." Chwa. "Pumba nitazifunika zisipeperukie majini." Chwa. "Na nitapanda safu ya miti katikati."

"Safu moja tu, maskini."

"Tatu!" Chwa.

Pimbi akamnong'oneza Nyati, kwa sauti ya kusikika hadi mbele, "Pombe lakini atauza. Hawezi kujizuia."

"Sitauza pombe," Kiboko akafoka. "Sitauza kitu hapa, wala mtu mwingine hatauza. Ni kusaga tu." Chwa. La tano.

Mzee Tembo akatikisa masikio. "Basi kibali umepata, kwa masharti yako mwenyewe. Ukivunja moja, shamba linarudi kuwa la mihogo."

Kiboko akaenda zake akijisifu kwamba baraza zima limeshindwa kumwekea hata sharti moja.

Mashine ikajengwa, tu-tu-tu-tu. Migongo ya akina mama ikapumzika. Siku moja Kiboko akaja anasukuma pipa la pombe, bingiri bingiri, hadi kwenye sale la tano. Akasimama.

"Nani aliniwekea hili?"

"Nyayo zilizolizunguka ni zako," alisema Mzee Tembo.

Pipa likarudi lilikotoka.

Nakiri, wanangu, Mungu anisamehe, mimi hufurahi sana sharti linapombana jirani. Pimbi naye alifurahi vivyo hivyo. Na kwa furaha hiyo akaitazama foleni ya mashineni, akaona ina njaa. Asubuhi akakaanga maandazi, akajitwika beseni, akaketi karibu na mlango wa mashine. Hajafunua, kivuli kikubwa kikamfunika.

"Bi Pimbi," alisema Kiboko, "beseni la nini?"

"Maandazi, mzee wangu. Ya moto."

"Lile sale la tano hata Kobe analiona."

Pimbi akamgeukia Mzee Tembo, aliyekuwa kwenye foleni na gunia lake.

"'Wala mtu mwingine,'" alisema Mzee Tembo. "Nilisikia."

"Lakini mimi ndiye..." Pimbi akauma ulimi.

Kiboko akainamisha sikio. "Wewe ndiye nani?"

"Mimi ndiye jirani," Pimbi akasema polepole.

Akajitwika beseni lake, akapanda miambani. Watoto sita wakala maandazi yote, wakateremka kunywa maji ya chemchemi, meupe hadi kokoto za chini zinahesabika.

Nami hadithi nailaza hapo, kwenye sale la tano: sharti la haki halimjui aliyelitunga.