Firigisi ya Zamda

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso, maana mwisho nitawauliza.

Kilosa palikuwa na refa wa mpira, Zamda, binti mbichi asiyewahi kugusa sigara. Alizungukwa na watu watatu. Rafiki yake Mwajabu, mshika kibendera, alijaliwa masikio. Kaka yake Shomvi alijaliwa ubishi. Shangazi yake, Bi Sikudhani, alijaliwa mkono wa mapishi.

Zamda akaanza kukohoa. Zahanati wakampa dozi ya kifua kikuu. Akaimaliza, kikohozi kikabaki palepale. Mwajabu akamwambia uwanjani, "Shoga, filimbi yako haifiki hata katikati. Twende hospitali kubwa." Zamda akagoma, Mwajabu akamkokota. Ugonjwa ukakutwa haujaenda mbali.

Huko daktari akataka kukata kinyama cha pafu kikapimwe, ijulikane dawa itakayouweza. Ukoo mzima ukapiga kelele: mgonjwa hachokonolewi! Shomvi akabishana nao mpaka wakachoka. Majibu yalipotoka, Zamda akapewa vidonge vya ugonjwa uleule, si vya kubahatisha.

Vidonge vikamtoa vipele, hamu ya kula ikamkimbia. Bi Sikudhani akamkorogea uji wa ulezi, akamchemshia supu ya kambare, akamlisha kijiko kwa kijiko. "Kula mwanangu. Dawa haikai kwenye tumbo tupu."

Lakini kila Zamda alipouliza anaumwa nini, wote watatu walijibu, "Pafu liliingia maji." Ndiyo desturi yetu: habari mbaya huambiwa ndugu, mgonjwa hufichwa. Basi alipopata nguvu akaona maji yamekauka, akawa anavitupa vidonge chooni. Kikohozi kikarudi. Kliniki, mama mmoja asiyemjua akaliona kopo lake la dawa, Zamda akamwambia huvitupa.

"Mwenzangu, nawe una saratani ya mapafu? Usiviache hivyo, utakufa."

Kikulacho ki nguoni mwako, Zamda alijiambia njia nzima. Akavirudia vidonge, akavimeza kwa hasira, hata siku moja filimbi yake ikasikika uwanja mzima.

Ndipo akachinja jogoo, akawaita watatu wake. Firigisi ni moja, na kwao hupewa anayeheshimiwa kuliko wote.

"Mmeniokoa," alisema huku analia, "na mmenisaliti. Pafu langu, habari zake mkagawana nyinyi!"

"Ungekata tamaa, shoga," alisema Mwajabu.

"Nilitaka ule, mwanangu," alisema Bi Sikudhani. "Nani hula akijua?"

Shomvi mbishi akakiri, "Niliogopa, mdogo wangu."

Firigisi ikapoa sahanini. Mwajabu alisikia, Shomvi alitetea, Bi Sikudhani alilisha, na mama wa kliniki, ambaye hata hakualikwa, ndiye aliyesema kweli.

Je, msikilizaji, wewe ungempa nani? Na kabla hujajibu: lingekuwa pafu lako, ungetaka kuambiwa?