Chungu cha Pumba Nyeusi

Nisimulie?
Simulia!
Mmekaa?
Tumekaa!
Atakayesinzia?
Tutamfinya!

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wakulima wa mpunga, na kisima kimoja tu. Mwaka mmoja maji yake yakaharibika. Yakanuka, yakashika rangi ya kutu, watoto wakaugua matumbo. Nyamizi alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Ng'washi. Mtoto analia kiu, akinywa anatapika. Nyamizi aliogopa. Mume alishamzika, na mtoto naye anamponyoka.

Siku moja lundo la pumba za mpunga likashika moto karibu na ua wake. Akalizima kwa ndoo ya maji ya kisima. Maji yakachuruzika chini ya lundo, hayana rangi, hayanuki.

Nyamizi akachukua chungu chenye matundu, kile wanawake wanachochujia magadi ya kulainishia maharage. Akatia mchanga, akatia pumba nyeusi za lile lundo lililoungua. Akamimina maji ya kisima, yakatoka. Akamimina tena, yakatoka. Akamimina mara ya tatu, yakatoka maangavu. Akayachemsha, akampa mwanawe. Safari hii yakakaa tumboni.

Majirani wakaja kuuliza. Akawaambia, "Chomeni pumba, mzizime zingali nyeusi. Zisifike kuwa majivu."

Jirani mmoja, Shibuda, alikuwepo, ila yeye ni mtu wa kusikia nusu. Mnawajua watu hao, msitazame pembeni!

"Dada Nyamizi, unifundishe mimi chungu cha magadi? Mama yangu ndiye aliyewafunza mama zenu!"

"Kaka, haya si magadi."

Shibuda huyo, kaenda zake. Akachoma pumba pamoja na maganda ya maharage, kama mama yake, mpaka yakawa majivu meupe. Akajaza chungu, akamimina maji, akaita watu. Yakadondoka ya manjano.

"Kaka, usinywe!"

"Wivu huo!"

Akapiga funda zima. Lo! Midomo ikavimba, ulimi ukababuka, macho yakamtoka. Watu wakacheka wakashika mbavu. Nyamizi hakucheka. Akamletea kata ya maji ya mwanawe, Shibuda akasukutua.

Kesho yake asubuhi Shibuda akaja na kikapu cha pumba kichwani.

"Umekuja kujifunza?"

Akaitikia kwa kichwa. Ulimi ulikuwa hauinuki.

"Basi kaa, kaka. Leo utasikia mpaka mwisho."

Yangu ni hayo. Yaliyokupendeza yabebe, yaliyobaki niachie mimi nikalalie.