Asubuhi Ambayo Paa la Bibi Velina Halikutoa Moshi

Hii nimeipata kwa dada yangu, naye aliipata kwenye kundi la kwaya yao. Isome mpaka mwisho ndipo uitume. Wapo wanaotuma kwanza, halafu wanauliza ilihusu nini.

Juu kule Makete, kwenye kijiji ambacho mwezi wa saba umande unaganda kwenye majani ya viazi, kulikuwa na desturi moja. Mimi nimekulia mlima wa pili, kwa hiyo naijua, na nikiikumbuka moyo unanilegea.

Asubuhi, kabla mtu hajanawa uso, anatoka nje na kutazama mapaa ya jirani. Paa lenye moshi, mwenyewe ameamka salama. Paa lisilo na moshi mpaka jua linafika kwenye miti ya misindano kule kilimani, jirani anachota makaa ya moto kwenye kigae na kwenda kubisha hodi. Ama moto umezimika, ama mtu anaumwa, ama kuna kubwa zaidi. Vyovyote iwavyo, hukwenda mikono mitupu. Unakwenda na moto.

Utotoni mwangu hatukuwa na simu, na sikumbuki kama tuliwahi kuitamani.

Basi hapo kijijini aliishi Bibi Velina, mjane wa Mzee Tweve aliyekuwa seremala. Miaka hamsini na kitu alikuwa amekaa kando ya mafiga, akipika, akiota moto, akipokea wageni, akilia misiba yake. Mwishowe kifua kikagoma. Akawa anakohoa mpaka anashika ukuta.

Daktari alimwambia bila kuzunguka.

"Mama, moshi na kifua chako haviwezi kukaa nyumba moja. Ukimaliza mwaka mwingine pale motoni, mimi sitakuwa na dawa ya kukupa."

Mwanawe pekee, Lutengano, anayefanya kazi Dar es Salaam, alisikia maneno hayo na hakulala. Kupika ni rahisi, mama atapikia gesi. Lakini baridi ya Makete utaipikia nini? Kumhamishia Dar alishajaribu. Bibi alikaa siku tisa, akasema joto la huko linamfanya ajione kama maandazi, akarudi.

Ndipo Lutengano akampata fundi Mwinjuma, ambaye miaka ishirini alikuwa akifunga viyoyozi mjini. Wakapanda naye mlima na gari lililojaa maboksi.

"Mama, shikamoo," alisema fundi huku meno yakigongana. "Maisha yangu yote nimewatia watu baridi. Leo ndiyo mara ya kwanza naitwa kutia joto."

"Marahaba. Na joto lenyewe unalitoa wapi?"

"Huko nje. Mashine inakaa nyuma ya nyumba, inaokota joto lililomo hewani, inaliingiza ndani."

Bibi alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Nje kuna joto? Wewe hujalala huku."

"Lipo, mama. Dogo dogo, lakini lipo. Mashine haichoki kuokota."

Bibi Velina akaweka masharti mawili. La kwanza lilihusu dari. Mzee Tweve ndiye aliyelipiga lile dari, ubao kwa ubao, mwaka aliomuoa, na kila ubao aliupasua kwa mkono wake.

"Nikiona bomba linaning'inia sebuleni kwangu kama utumbo wa ng'ombe, mtashuka nalo Dar."

"Halitaonekana, mama."

"La pili, majirani wasijue. Sitaki kusikia kwamba Velina amejengewa Ulaya na sisi tunapuliza kuni. Mkiulizwa, mnatengeneza paa."

Lutengano akakubali yote mawili. La pili alilikubali haraka kuliko la kwanza.

Kazi ilichukua siku tano. Fundi Mwinjuma, kusema kweli, alikuwa na mkono. Alitoa mbao za dari moja moja akiziandika namba kwa chaki, akapitisha mabomba mapana ya hewa huko juu, akarudisha kila ubao mahali pake na msumari wake. Kilichoonekana ndani ni vidirisha vidogo sita vya mbao, rangi ile ile ya dari, na kitufe kimoja ukutani. Mashine yenyewe aliiweka nyuma ya nyumba, ikafichwa na ua wa miti. Majirani walipouliza, waliambiwa ni paa. Wakasema paa la siku hizi lina kelele.

Jioni ya tano mashine ikawashwa. Joto likashuka taratibu kutoka juu, bila moshi, bila harufu, mpaka likafika chumbani ambako Bibi hajawahi kulala bila mablanketi manne. Mafiga yalikuwa yamefagiliwa. Hata hivyo Bibi alivuta kigoda chake akakaa pale pale, akanyoosha mikono kuelekea mahali moto ulipokuwa. Mkono ulikuwa umezoea.

"Pazuri," alisema baada ya muda. "Ila hapana pa kutazama."

Lutengano akajifanya hakusikia.

Asubuhi yake Bibi aliamka gizani kama ilivyokuwa kawaida yake, akachemsha chai kwenye gesi. Alivuta pumzi ndefu na haikukwaruza popote. Akamwita mwanawe aje asikilize kifua. Mama na mtoto wakawa wanacheka, na jua likafika kwenye misindano wao hawana habari.

"Hodi!"

Alikuwa Mama Sekela, jirani wa nyumba ya juu, rafiki yake tangu wakiwa wasichana. Mkononi alikuwa na kigae chenye makaa mekundu. Nyuma yake akaja mwingine na kigae chake. Kisha wengine watatu. Kufika saa moja na nusu walikuwa watu kumi na mmoja sebuleni, vigae tisa vya moto, na wanawake wawili wameshajifunga kanga za msiba. Mzee Sanga alikuja na jembe. Hakusema la nini, alilisimamisha tu nyuma ya mlango.

"Velina! Uko hai!" Mama Sekela alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Paa lako limekaa kimya, sisi tumeshakuzika!"

Bibi akataka kujibu, akashindwa. Vigae tisa vya makaa ndani ya nyumba iliyofungwa vizuri isipitishe baridi si mchezo. Nyumba iliyotengenezwa kwa siku tano isiwe na moshi ikajaa moshi kwa dakika tano. Akaanza kukohoa, akashika ukuta.

Lutengano akasahau adabu zote alizolelewa nazo.

"Tokeni nje! Mtamuua mama yangu!"

Mzee Sanga, ambaye ndiye aliyemfundisha Lutengano kulima, alitazama chini. Wakatoka mmoja mmoja na moto wao. Bibi akatolewa nje akakaa kwenye benchi mpaka pumzi ikamrudia. Hapo ndipo akawaeleza yote, maneno ya daktari, mashine, na jinsi alivyotaka isijulikane.

Mama Sekela aliweka kigae chake chini, mbali na benchi.

"Mwanangu Lutengano, moto tumeutoa. Na umefanya vizuri kumtafutia mama yako joto, wengine hawakumbuki hata kutuma salamu. Sasa tuambie, kuanzia kesho tutazame nini?"

Lutengano akafikiri. Nyuma ya nyumba, juu ya ua, wingu jeupe lilikuwa linapanda. Uso ukamng'aa.

"Tazameni ule mvuke! Baridi ikiwa kali mashine inashika barafu, inajiyeyusha yenyewe. Itakuwa inatoa mvuke asubuhi namna hiyo. Ni kama moshi tu."

Wote wakageuka kuutazama. Ulikuwa mweupe, mzuri kwa kweli, kuliko hata moshi wa kuni. Mama Sekela akamwelekea fundi.

"Fundi, mwenye nyumba akifa usiku, mashine yako itaacha kutoa mvuke?"

Fundi Mwinjuma alikuna kichwa. "Hapana, mama. Itaendelea."

"Basi hiyo inatupa habari za mashine. Mimi nataka habari za Velina."

Lutengano aliketi kwenye benchi karibu na mama yake, akatazama vile vigae tisa vilivyopangwa uani. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Mwezi wa tatu nilianguka malaria kule Dar. Nililala sakafuni siku mbili. Mlinzi wa getini alidhani nimesafiri. Jirani wa mlango wa pili alisikia simu yangu ikiita siku nzima, akaja siku ya tatu kulalamikia kelele. Ndiye aliyenipeleka hospitali."

Bibi Velina aligeuka akamtazama mwanawe.

"Na hukuniambia."

"Sikutaka ujue, mama. Ungeumia."

"Ulijifunza kwangu," alisema Bibi, akamshika kichwa akakivutia begani kwake, mtoto wa miaka arobaini na moja, mbele za watu.

Lutengano alipoinuka alimwendea kila mmoja wao akaomba radhi. Kwa Mzee Sanga alipiga goti. Mzee akamwinua, akamwambia shamba lake linahitaji palizi, na hayo yakaisha.

Halafu Bibi akasema, "Mama Sekela, moshi wangu hautakuja tena kwako. Nitakuja mwenyewe. Kila siku kabla jua halijafika kwenye misindano nitakuwa mlangoni pako. Nisipofika, njooni. Moto muuache nyumbani."

"Mlima huo utauweza?"

"Daktari alisema moshi. Hakusema mlima."

Lutengano na fundi wakarudi mjini. Wiki ya kwanza Bibi alipanda kwa fimbo, akisimama mara tatu njiani. Wiki ya tatu alisimama mara moja, na hiyo ni kwa sababu alikutana na mtu wa kuongea naye. Alikuwa anafika, anasimama nje ya jiko la Mama Sekela upande usio na moshi, anasalimia kwa kilugha chao, "Kamwene!" Anajibiwa, anapewa kiazi cha moto, wanasengenya kidogo, anashuka. Mama Sekela akipiga ukelele mmoja kwenda nyumba ya tatu, nayo ya tatu kwa ya nne, kijiji kizima kinajua kwamba Velina ameamka.

Ikafika asubuhi moja ya mwezi wa nane. Barafu ilikuwa imetanda mpaka juu ya mabati. Mama Sekela alisimama mlangoni. Jua likafika kwenye misindano. Likapita misindano. Chini kule mvuke mweupe ulikuwa unapanda juu ya ua kama kawaida, na njiani hapakuwa na mtu.

Hakungoja. Alipiga kelele, watu wakateremka mbio bila kigae hata kimoja. Wakabisha. Wakaita jina lake. Kimya. Mzee Sanga akaupiga mlango bega, mara ya pili bawaba zikang'oka.

Ndani palikuwa na joto zuri na hapakuwa na sauti. Chumbani walimkuta amelala chali, amejifunika blanketi mpaka usoni. Mama Sekela akashindwa kusogea. Mzee Sanga akaingiza mkono chini ya blanketi, akagusa miguu.

"Ni ya moto," alinong'ona.

"Nyumba nzima ni ya moto!" Mama Sekela alilia. "Hiyo inatuambia nini?"

Blanketi likateremka polepole. Jicho moja likafunguka.

"Sanga," ikasema sauti nzito ya usingizi, "unatafuta nini miguuni kwangu?"

Waliruka wote. Bibi akajiinua kwa kiwiko, akawatazama, akatazama dirisha.

"Jua limefika wapi?"

"Limeshapita misindano zamani," alijibu Mama Sekela.

Bibi Velina akashika shavu. Kwanza aliona aibu. Kisha midomo ikaanza kumcheza, akalia mbele yao kama msichana.

"Nimelala," alisema. "Mama Sekela, nimelala tu. Tangu niolewe naamka gizani kuwasha moto. Nikiwa na mimba, niliwasha. Siku ya kumzika Tweve, niliwasha. Hata ulipoondoka moto nikawa naamka hivyo hivyo, kwa mazoea. Leo ndiyo mara ya kwanza jua linanikuta kitandani. Sikujua usingizi wa asubuhi ni mtamu namna hii."

Mama Sekela alimpiga kofi mkononi kwa hasira ya mapenzi. Halafu akavua viatu, akapanda kitandani, akamkumbatia.

"Lala, mwenzangu," alisema. "Ukichelewa tutakuja."

Mzee Sanga akatoka polepole kwenda kuutazama mlango aliouvunja.

Funzo: Mtafutie mzazi wako joto, hata ulifiche juu ya dari usilione, lakini usiwafiche watu hali yako, kwa maana mashine itakupa joto na haitajua kama umeamka. Anayejua ni jirani.